Torino 1985: Jinsi Ulaya Ilivyojipatia Ndege Mbili Badala ya Moja

Asiye mtaalamu akiziona Rafale na Eurofighter Typhoon zikipita angani hawezi kuzitofautisha. Zote zina injini mbili, bawa la pembetatu na vijibawa viwili mbele, karibu na chumba cha rubani. Zilianza kama wazo moja, na waliozitenganisha walikuwa wanasiasa.

Ndoto ya kununua silaha kwa pamoja ni ya zamani kuliko ndege hizo. Mwaka 1950 waziri mkuu wa Ufaransa, René Pleven, alipendekeza jeshi moja la Ulaya na bajeti moja. Nchi sita zilitia saini mkataba wake mwaka 1952. Tarehe 30 Agosti 1954, Bunge la Ufaransa hiyohiyo likauzika kwa kura 319 dhidi ya 264. Tangu hapo ushirikiano ukawa wa mradi mmojammoja, kwa wawili watatu waliopatana. Uingereza, Ujerumani Magharibi na Italia ziliunda Tornado, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1974, na mafanikio hayo yakawatia watu hamu ya kitu kikubwa zaidi.

Mwaka 1983 wakuu wa majeshi ya anga ya nchi tano, yaani hizo tatu pamoja na Ufaransa na Hispania, walikubaliana kwamba wanahitaji ndege mpya ya pamoja. Lakini Ufaransa ilitaka ndege nyepesi, inayoweza kutua kwenye manowari ya kubeba ndege na kuuzika nje kwa urahisi. Waingereza walitaka nzito zaidi, ya kupambana na ndege za Kisovieti. Uzito ungeweza kujadiliwa. Gumu lilikuwa uongozi: Paris ilitaka kampuni ya Dassault iongoze usanifu, na London, ambako waziri wa ulinzi alikuwa Michael Heseltine, haikuwa tayari kugeuzwa fundi msaidizi.

Wakakutana Torino, Italia, mwanzoni mwa Agosti 1985. Ujerumani Magharibi, iliyokuwa ikivutwa huku na huku, iliamua kwenda na Uingereza na Italia. Hispania ikajiunga nao mwezi uliofuata. Ufaransa ikabaki na ndege yake, na Julai 1986 Rafale ya majaribio ikaruka.

Heseltine hakudumu kuona matunda. Aliamini kwamba Ulaya isiponunua vya kwake itabaki mteja wa Marekani, na msimamo huo ukamgonganisha na waziri mkuu wake, Margaret Thatcher, kuhusu Westland, kampuni ya helikopta iliyokuwa taabani. Yeye alitaka iokolewe na kampuni za Ulaya, wakati bodi ya Westland ilipendelea Sikorsky ya Marekani. Tarehe 9 Januari 1986, kikao cha Baraza la Mawaziri kikiendelea, alikusanya karatasi zake, akatoka nje ya mlango wa Downing Street na kuwaambia waandishi wa habari kwamba amejiuzulu. Nchi iliyokuwa imeshika usukani wa ndege ya pamoja ikampoteza waziri aliyeipigania kuliko wote.

Upande wa Eurofighter, ndege ya zile nchi nne, kazi iligawanywa kwa hesabu ya nani ameagiza ngapi. Matokeo yake unayaona kwenye ndege yenyewe: bawa la kushoto linatengenezwa Italia, la kulia Hispania, pua Uingereza, na sehemu ya kati ya kiwiliwili Ujerumani. Halafu kila nchi ikajiwekea karakana yake ya kuziunganisha: Warton, Manching, Torino na Getafe. Mhasibu yeyote angeshika kichwa, ila bila mgao huo hakuna bunge ambalo lingeidhinisha fedha.

Vita Baridi vilipokwisha, Ujerumani ikawa na mzigo wa kuunganisha mashariki na magharibi. Mwaka 1992 waziri wake wa ulinzi, Volker Rühe, alitishia kujitoa. Masharti ya mkataba yalifanya kutoka kuwe ghali, na mwishoni mwa mwaka huo mradi ukapona kwa kubatizwa jina jipya, Eurofighter 2000, na kutafutiwa njia za kubana gharama. Baadaye Ujerumani ilipunguza oda kutoka ndege 250 hadi 180, na sehemu yake ya kazi ikashuka kutoka asilimia 33 hadi karibu 30. Ndege yenyewe iliruka kwa mara ya kwanza Machi 1994. Miaka mingi baadaye ilikuwa ikigombea wateja walewale na Rafale. Oman iliagiza Typhoon 12 mwaka 2012. Misri ikachukua Rafale 24 mwaka 2015.

Julai 2017 Emmanuel Macron wa Ufaransa na Angela Merkel wa Ujerumani walitangaza ndege mpya ya pamoja, na Hispania ikaingia baadaye. Kampuni za Dassault na Airbus zikaanza kugombania usukani, na mwaka 2025 ugomvi ulikuwa bado wa moto. Uingereza na Italia ziliamua mwaka 2022 kuungana na Japani kwa ndege nyingine. Mwezi Mei 2025 Umoja wa Ulaya ulipitisha mpango wa SAFE, mikopo ya hadi euro bilioni 150 kwa wanachama, hasa kwa ununuzi wa pamoja. Tangu Desemba 2024 yupo hata kamishna wa ulinzi, Andrius Kubilius wa Lithuania. Yeye haagizi ndege hata moja. Oda bado zinasainiwa na mawaziri wa kila nchi.