Mazoezi ya Viungo: Ahadi kwa Kumbukumbu, Ushahidi kwa Hisia

Anayedai kwamba mazoezi hunoa kumbukumbu, mara nyingi ushahidi wake ni jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2011 na Kirk Erickson na wenzake. Watu 120 wa miaka 55 hadi 80 waligawanywa makundi mawili: wengine wakatembea kwa kasi dakika 40, siku tatu kwa wiki, wengine wakanyoosha viungo tu. Baada ya mwaka, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu mpya, ilikuwa imekua kwa asilimia 2 kwa waliotembea na kusinyaa kwa takriban asilimia 1.4 kwa wenzao.

Takwimu hiyo imesambaa sana. Isiyosambaa ni hii: walipopimwa kwa kukumbuka mahali vilipotokea vidoa kwenye skrini, makundi yote mawili yalipanda, na waliotembea hawakuwapita walionyoosha viungo. Ni kweli kwamba miongoni mwa watembeaji, ambaye hipokampasi yake ilikua zaidi ndiye aliyeelekea kukumbuka vizuri zaidi; lakini uhusiano huo peke yake hauthibitishi kwamba mazoezi ndiyo yaliyoleta kumbukumbu. Mwaka 2022 jaribio kubwa zaidi, la watu 585 wa miaka 65 hadi 84 waliolalamikia usahaulifu, halikuona mazoezi yakiinua kumbukumbu baada ya miezi sita.

Watetezi hukimbilia panya. Tangu 1999 inajulikana kwamba panya wanaokimbia kwenye gurudumu huota seli mpya za neva katika hipokampasi. Sawa, ila kama mtu mzima huziota kwa wingi bado ni ugomvi: mwaka 2018 tafiti mbili zilitoa majibu yanayopingana.

Upande wa hisia una msingi imara zaidi, ingawa nao si mwamba. Mwaka 1999 James Blumenthal wa Chuo Kikuu cha Duke aliwafuatilia watu 156 wenye sonona. Baada ya wiki 16 mazoezi yalikaribiana na dawa ya sertralini, japo dawa ilitangulia kuleta nafuu. Jaribio hilo halikuwa na kidonge bandia, kasoro nzito. Alirudia kwa watu 202, matokeo yakatoka 2007: waliopona walikuwa asilimia 45 kwa mazoezi ya kusimamiwa, 47 kwa dawa, 31 kwa kidonge bandia. Pengo hilo halikufikia kwa ukamilifu kigezo cha kawaida cha takwimu. Hata hivyo lilipimwa kwa wagonjwa wenyewe, juu ya dalili zinazowasumbua, si juu ya ukubwa wa kiungo kwenye picha ya mashine.

Kwa hiyo daktari anayemshauri mzee atembee atafanya vyema kumwambia atazamie kwanza nafuu ya moyo. Akimwahidi kumbukumbu, mzee atajipima kwa majina anayoyasahau, na kwa kuwa mwezi mmoja hautabadilisha chochote hapo, ataviweka viatu kabatini kabla hata hiyo nafuu haijamfikia.