Safari ya kundi kwenye ziwa Kivu: kabla ya kumpa komisionere pesa

Shule zikifungwa mwezi wa Julai, na tena kuelekea Noeli, makundi mengi ya Masisi na Walikale hutafuta njia ya kufika Bukavu. Korali imealikwa na korali nyingine, familia inapeleka mahari, ushirika wa wakulima unaenda kuona mashamba ya wenzao, wanafunzi waliomaliza wanataka kutembea. Karibu wote wanapita Goma na kupanda bato kwenye ziwa Kivu. Na karibu wote, kabla ya kuona maji, wamekwisha kutuma pesa kwa mtu ambaye hawajawahi kumuona: komisionere.

Makomisionere wengi wanafanya kazi yao vizuri. Lakini pale kundi linapoliwa, mara nyingi ni kwa njia zilezile, na hasara si ya pesa tu.

Kwa nini watu wa mlimani wanamhitaji komisionere

Mtu anayekaa Goma anaweza kwenda mwenyewe bandarini, akauliza bei, akanunua tiketi na kurudi nyumbani. Mtu wa Nyabiondo, Kashebere ama Mubi hana nafasi hiyo. Anashuka kwa njia ya Masisi na Sake akijua siku ya kutoka, bila kujua siku ya kufika. Mvua moja inatosha kuzuia gari. Watu wa Walikale wanaweza pia kufika Bukavu kwa njia ya Hombo na Bunyakiri bila kugusa ziwa, lakini njia hiyo ikiharibika ama usalama ukikosekana, nao wanazungukia Goma.

Barabara ya Goma, Sake na Minova kuelekea Bukavu ilikatwa na vita mwanzoni mwa 2024. Ndege za abiria za kawaida nazo ziliacha kutua Goma mwisho wa Januari 2025. Watu na mizigo vikamiminika kwenye ziwa. Bato ikijaa mapema, anayejua nani anauza nafasi na saa ngapi anakuwa mtu wa maana.

Bato ni za aina gani

Kati ya Goma na Bukavu kuna bato kubwa zinazobeba watu na mizigo pamoja. Nyingi zimezoea kutembea usiku na kufika asubuhi. Ndani kuna madaraja, kutoka lile la bei ya chini ambako watu wanakaa karibu na mizigo, mpaka vyumba vya bei kali. Kuna pia kano rapidi, zinazotembea mchana na kufika kwa saa mbili au tatu hivi. Bei yake iko juu, na hazipendi mizigo mingi.

Kisha kuna bato za mbao na mitumbwi ya mota inayounganisha masoko ya pembeni: Kituku ndani ya Goma, Minova, Kalehe, kisiwa cha Idjwi. Hizo ndizo za bei nafuu, na ndizo ambazo mara nyingi hazina ofisi wala karatasi.

Ajansi ya bato ni ofisi ya mwenye bato: inauza tiketi, inaandika majina na inajibu ikiwa kuna shida. Komisionere ni mtu wa katikati. Hana bato, hana kiti. Anachouza ni kazi ya kukutafutia nafasi. Kundi linalosahau tofauti hiyo linaanza safari vibaya.

Namna makundi yanavyoliwa

Ya kwanza ni nafasi ambayo haipo. Komisionere anapiga simu: "Bato inajaa, tuma avansi sasa juu ya watu wote." Pesa inatumwa kwa M-Pesa ama Airtel Money, kwa namba yake mwenyewe, bila jina la bato wala tarehe. Kundi linapofika, anasema bato imepata pane, wapande nyingine. Hiyo nyingine tayari imejaa.

Ya pili ni daraja kubadilika njiani. Tuseme korali ya watu 40 imelipa daraja la pili. Mlangoni wanaonyeshwa la tatu. Ikiwa tofauti ya bei ni dola 5 kwa mtu, dola 200 zimebaki mfukoni mwa mtu mmoja. Saa hiyo wamama wamechoka, watoto wanalia, bato inapiga honi. Nani atakataa kupanda?

Ya tatu ni mizigo. Bei ya kundi ilihesabu watu tu. Ngoma, bafle, magunia ya maharagwe na mbuzi wa mahari vinalipiwa bandarini, kwa bei ya kukamatwa. Watoto nao: komisionere alisema hawalipi, ajansi inasema wanalipa nusu.

Ya nne watu hawapendi kuisema, kwa sababu iko ndani ya kundi. Kiongozi aliyechaguliwa kupanga safari anapewa matabishi na komisionere. Hapo hatachagua bato nzuri, atachagua ile inayomrudishia kitu. Likelemba na korali zimevunjika juu ya mambo ya namna hiyo, hata pale safari yenyewe ilipokwenda salama.

Jina kwenye manifesti

Kabla bato haijatoka, majina ya abiria yanapaswa kuandikwa kwenye manifesti. Watu wengi wanaona ni mambo ya wakubwa wa bandari. Ukweli ni kwamba hicho ndicho kitu cha maana zaidi ambacho msafiri ananunua. Aliye kwenye manifesti amehesabiwa. Asiyeandikwa anakaa juu ya uzito ambao bato haikupimiwa, na likitokea jambo familia yake haina pa kuuliza.

Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, bato MV Merdi ilitoka Minova ikielekea Goma. Ilizama ikiwa karibu kufika Kituku, watu wa ng'ambo wakiona kwa macho. Bato hiyo ilitajwa kuwa ya abiria wapata 80. Gavana wa Kivu ya Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema watu 278 walikuwa ndani na kwamba 78 walikufa. Upande wa Goma, hesabu ya miili iliyotolewa majini ilikuwa chini ya hiyo. Hesabu hazikupatana kwa sababu wengi waliopanda hawakuandikwa popote. Familia zilibaki zikizunguka kati ya bandari na chumba cha maiti na picha kwenye simu.

Mwezi wa Aprili 2019 bato nyingine ilizama upande wa Kalehe, na watu wapata 150 wakatajwa kuwa hawajulikani walipo. Rais Félix Tshisekedi alifika huko, akaamuru kwamba kila msafiri avae jile ya kuokoa. Hata Tanzania walipitia hayo: meli MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, madaraja ya kwanza na ya pili yalikuwa na manifesti ya watu 443. Daraja la tatu, la watu wa pesa kidogo, halikuwa na manifesti. Mamia ya watu walikufa.

Hapo ndipo kazi ya komisionere mbaya inakuwa hatari. Yeye hapati faida bato ikitoka na watu wake halali. Anapata faida akiongeza watu dakika ya mwisho. Kundi la watu 40 lisilo na majina ajansini ni uzito wa watu 40 ambao hakuna aliyeupima.

Namna ya kupanga safari

Tumeni watu wawili Goma siku chache mbele ya kundi. Nauli yao ni ndogo kuliko avansi ya watu 40. Wawe wawili, mmoja kati yao mama ikiwezekana, na wasiwe wa familia moja.

Kama hakuna wa kutuma, tafuteni ndugu ama mtu wa kanisa lenu anayekaa Goma. Aende ajansini mwenyewe, aulize mambo matano: jina la bato, siku na saa, bei ya kila daraja, bei ya mtoto na ya mzigo, na bato inaruhusiwa abiria wangapi.

Andaeni karatasi yenye majina kamili ya watu wote, umri, namba ya kadi ya mchaguzi kwa wakubwa, na namba ya simu ya mtu aliyebaki nyumbani. Nakala moja iende ajansini, moja ibaki kijijini kwa chifu, kwa mchungaji ama kwa padri, moja ibaki kwa kiongozi.

Lipeni ajansini, si kwa simu ya mtu. Mkilazimika kulipa avansi, iwe ndogo, na resu iandike jina la bato, tarehe, daraja, idadi ya watu, pesa iliyolipwa na iliyobaki. Komisionere alipwe malipo yake peke yake, yakijulikana na wote, na sehemu kubwa apewe baada ya kundi kukaa kwenye viti.

Bandarini, kiongozi aombe kuona majina kwenye manifesti kabla ya mtu wa kwanza kupanda. Kila mmoja apate jile na aivae, siyo kuikalia. Na kundi liwe limekubaliana tangu nyumbani: bato ikiwa imejaa kupita kiasi, hakuna anayepanda, hata kama pesa imelipwa. Uamuzi huo ukiachwa mpaka bandarini, haraka itawashinda.

Pesa ikiisha kuliwa

Kongo iko ndani ya OHADA tangu Septemba 2012. Kwa sheria hizo, mtu anayefanya kazi ya ukomisionere kila siku ni mfanyabiashara, na anapaswa kuandikishwa kwenye rejista ya biashara, RCCM. Kumuuliza namba hiyo si matusi.

Sheria ya makosa ya jinai nayo inaadhibu kutumia vibaya pesa uliyoaminishwa (kifungu cha 95) na utapeli (kifungu cha 98). Adhabu ni kifungo cha kuanzia miezi mitatu mpaka miaka mitano, pamoja na faini. Lakini mashitaka bila ushahidi hayaendi mbali. Chungeni resu, mesaji za simu, mesaji ya pesa iliyotumwa, na majina ya walioona. Anzeni kwa mwenye bato na kwa chama cha makomisionere wa bandari hiyo, kama kipo. Mara nyingi wao wenyewe hawapendi mtu anayeharibu jina lao. Ikishindikana, pelekeni neno mbele ya wenye mamlaka ya bandari na ya mji waliopo wakati huo, mkiwa kundi na si mtu mmoja.

Na kwa wanaobaki nyumbani: siku ya safari, pigeni simu kabla bato haijatoka, muulize swali moja. Majina yameandikwa?