Makazi ya Ulyankulu na Maradhi ya Kuambukiza

Mtu atokaye Tabora kuelekea kaskazini-magharibi, akipita katika miombo yenye mizinga ya nyuki juu ya miti, hufika katika nchi ya Ulyankulu, ambayo zamani ilikuwa katika milki ya Mtemi Mirambo. Huko huona jambo lisilo la kawaida katika Unyamwezi: barabara zilizonyoshwa, zenye kuitwa kwa hesabu yake, na mashamba yaliyogawiwa watu kando ya barabara hizo. Mahali pajulikanapo zaidi huitwa Barabara ya 13, na kwaya yake imesikika mbali. Makazi haya hayakukua yenyewe kidogo kidogo kama vijiji vya wazee wetu. Yalikusudiwa na kupangwa mwaka 1972, kwa ajili ya ndugu waliokimbia mauaji katika nchi ya Burundi.

Katika kitabu hiki cha Jubilei wengine wameandika habari za makanisa, za mapadre na za shule. Sisi tumechagua habari isiyosimuliwa mara nyingi, nayo ni hii: watu wakikusanywa mahali pamoja kwa amri, nani awalinde na maradhi yaletwayo na kule kukusanyika kwenyewe? Na mgonjwa akitengwa ili wenzake wapone, nani ampelekee maji? Swali hili ni la zamani katika jimbo letu, zamani kuliko makazi ya Ulyankulu, wala hatuwezi kuyaelewa ya mwaka 1972 tusipoanza na njia ya misafara.

Njia ile ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, na hapo ikagawanyika kwenda Ujiji na kwenda Ziwa Nyanza. Pembe, nguo, watumwa na wapagazi walipita humo, na maradhi yakapita pamoja nao. Ndui ndiyo iliyoogopwa kuliko yote, kwa kuwa ilisafiri na msafara kituo kwa kituo. Kipindupindu nacho kilipoenea katika Afrika ya Mashariki mwaka 1869 na 1870, daktari mmoja wa Unguja, James Christie, aliwauliza wasafiri na wenye misafara, akafuatisha nyayo za ugonjwa huo katika njia za biashara, akaandika kitabu kizima kilichotoka mwaka 1876. Alionyesha wazi kwamba ugonjwa hufuata njia za watu.

Msafara ulikuwa na sheria moja kali kuliko zote, ingawa hakuna aliyeiandika: asiyeweza kutembea huachwa. Mpagazi aliyeshikwa na ndui aliwekwa kando ya njia, pengine na kibuyu cha maji, pengine bila hicho, na mzigo wake ukatwaliwa na mwingine. Tusiwahukumu upesi wenye kufanya hivyo, maana walikuwa na hofu, na chakula kilikuwa haba. Walakini katika vijiji vingi vya Afrika ya Mashariki watu walikuwa na desturi bora zaidi. Mgonjwa wa ndui alijengewa kibanda mbali na wengine, naye alitunzwa na mtu aliyekwisha kuugua na kupona, mwenye makovu usoni, kwa kuwa walijua kwamba huyo hashikwi mara ya pili. Sehemu nyingine walichanja watu kwa usaha wa mgonjwa ili wapate ndui nyepesi. Wazee wale hawakujua habari za vijidudu, lakini walijua kutenga pasipo kutupa.

Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie waliingia katika nchi hizi kwa njia hiyo hiyo, na homa ikawapokea. Padre Pascal, mkuu wa wale waliotumwa upande wa Tanganyika, alifariki njiani mwaka 1878 kabla ya kufika. Mwaka uliofuata, daktari Southon wa misioni ya Kiingereza alifika kwa Mirambo huko Urambo, akatibu watu wengi mpaka kufariki kwake mwaka 1882. Vikarieti ya Unyanyembe, ambayo ndiyo mzizi wa jimbo letu, ilianzishwa mwaka 1887. Wakati huo huko Kipalapala, karibu na Tabora, Mapadre walikuwa na kijiji cha watoto waliokombolewa utumwani, nacho ni mfano wa kwanza kwetu wa makazi ya kukusudiwa: watu wasio ndugu, wa kabila nyingi, waliowekwa pamoja wawe kama ukoo mmoja. Mapadre walilazimika kukiacha mwaka 1889.

Hapa hatuna budi kumtaja Adriani Atiman, ingawa Karema alikofanya kazi hakukuwa kwetu. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre, akasomeshwa udaktari huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawa daktari na katekista pamoja, asiuache mji ule mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka zaidi ya 60 mahali pamoja! Walimu wanaohesabu miezi ya kuhamishwa wangefaa kuwasimulia watoto habari zake.

Sasa tuje kwenye ugonjwa uliogeuza sura ya nchi yetu kuliko ndui, yaani malale. Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka iliua ng'ombe wengi sana katika Afrika ya Mashariki, kisha zikaja vita na njaa. Palipokuwa mashamba na malisho pakaota pori, na katika pori akarudi mbung'o, ambaye wengi wetu humwita ndorobo. Mwaka 1922 malale ya namna kali ilitambuliwa huko Maswa, na katika miaka iliyofuata ikaonekana katika nchi nyingi za magharibi. Namna hii huua upesi, mara nyingi katika miezi michache. Huanza na homa na kichwa kuuma, mtu akadhani ni malaria, kisha ugonjwa huingia ubongoni: mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, hubadilika tabia, hupiga kelele au hunyamaza kabisa. Si ajabu kwamba jamaa walidhani amerogwa, na wengine walimficha.

Serikali ya Kiingereza, kwa shauri la daktari Maclean aliyesimamia vita vya malale, iliamua kuwakusanya watu waliotawanyika porini. Kaya moja hapa na nyingine mbali kule haziwezi kufyeka pori la kutosha, bali kaya mamia zikikaa pamoja na kulima pamoja, mashamba yao yenyewe huondoa vivuli anavyovipenda mbung'o. Ndivyo yalivyoanzishwa makazi ya malale katika Jimbo la Magharibi. Huko Shinyanga bwana Swynnerton, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938, alikwisha kuonyesha pamoja na Wasukuma jinsi watu wengi wakitoka kwa siku chache za kiangazi wawezavyo kufyeka eneo kubwa.

Shauri lilikuwa la akili, wala hatulikatai. Katika makazi mtu aliweza kupimwa damu kwa hadubini na kuchomwa sindano ya dawa ya Bayer 205 kabla ugonjwa haujaingia ubongoni. Lakini walioamriwa kuhama waliacha nyumba, miembe na makaburi ya wazee wao, na hawakuulizwa kama wapenda. Tena Mnyamwezi hakai kwa muhogo na karanga peke yake. Asali na nta zimo katika pori lile lile alilokatazwa. Wanaume walikwenda porini kutafuta asali na samaki na nyama, wakaumwa na mbung'o huko, wakarudi na ugonjwa. Mara nyingi waliougua ndio waliokuwa na bidii ya kazi. Je, mtu huyu alaumiwe kwa kuvunja amri, hali watoto wake wahitaji nguo na kodi yahitaji kulipwa? Sisi twaona kwamba amri isiyompa mtu njia nyingine ya kuishi haifiki mbali porini.

Kisha likaonekana jambo la pili. Ardhi ya miombo si ya rutuba nyingi, na wazee walilima mahali miaka michache, wakahama ili udongo upumzike. Katika makazi hakuna kuhama. Baada ya miaka kadhaa mavuno yalipungua, kuni zikawa mbali, na visima vikatumiwa na watu wengi kupita kiasi. Maradhi ya mbung'o yalipungua, lakini yale ya maji machafu na ya msongamano yalipata nafasi. Mapadre, walimu na makatekista waliona faida ya watu kukaa karibu, kwa kuwa shule yaweza kujaa na wagonjwa waweza kutembelewa kwa miguu, lakini surua ikiingia shuleni huingia katika nyumba zote.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu miaka 40 baadaye yalirudi. Mwezi wa Aprili 1972 yalianza mauaji ya kutisha katika Burundi, na watu maelfu wakavuka kuingia Tanzania, wengi wao wakulima. Serikali yetu, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na shirika la Kikristo la TCRS lililosimamiwa na Walutheri, iliwapa nchi: Ulyankulu mwaka 1972, Katumba mwaka 1973. Nchi hizo zilikuwa na nafasi kwa sababu zilikuwa miombo ya mbung'o yenye watu wachache. Nchi ya namna ile ile ambayo watu walitolewa kwa hofu ya malale ndiyo waliyopewa wengine waje kuifyeka, na waliifyeka kwa jembe na shoka. Wale waliotoka vilimani, ambako malaria ilikuwa kidogo siku zile, walikutana na mbu wa nchi ya chini katika mwaka wa kwanza, wakiwa dhaifu kwa njia na kwa huzuni.

Katika makazi mapya mambo ya kwanza yalikuwa maji, zahanati na choo. Yaonekana madogo kwa mtu asiyewahi kuishi na maelfu ya wenzake juu ya visima vichache. Kila kaya ilikuwa na kiwanja chake na shamba lake, na mpango huo wa barabara, ambao wageni huucheka kwa hesabu zake, ulikuwa na faida moja: katika makazi yaliyopangwa hivyo ni rahisi kujua ugonjwa umezuka barabara ya ngapi na umefika wapi. Walakini watu walizidi. Kabla ya kufika mwaka 1980 ilionekana kwamba maji na udongo wa Ulyankulu haviwatoshi, ndipo maelfu wakahamishiwa makazi mapya ya Mishamo, yaliyofunguliwa mwaka 1978. Waliokwisha kupoteza nyumba moja wakaacha ya pili.

Katika miaka hiyo hiyo wenyeji nao walikuwa wamekusanywa katika vijiji vya ujamaa, hasa tangu mwaka 1973 mpaka 1976. Kipindupindu kilikuwa kimeingia Tanzania mwaka 1974, na mwaka 1977 na 1978 kikaenea katika mikoa mingi. Hivyo mwenyeji na mkimbizi walijifunza kanuni zile zile: kuchemsha maji, kuchimba choo mbali na kisima, kunawa kabla ya kula.

Kanuni iliyo ngumu kuliko hizo ni ya maziko. Mila ya Mnyamwezi na ya Mrundi, pamoja na desturi ya Kikristu, zote zadai watu wakusanyike penye kifo, wauoshe mwili, wale pamoja. Kipindupindu chadai kinyume chake. Twajua kwamba katika jambo hili mganga wa zahanati hashindi peke yake. Yahitajika katekista asimame mbele ya wafiwa na kuwaambia kwamba sala haipungui kwa watu kuwa wachache kaburini, na kwamba matanga yaweza kungoja. Yahitajika pia jirani mmoja au wawili, waliofundishwa kunawa na kutumia dawa ya klorini, wakubali kumhudumia mgonjwa. Tofauti ya jumuiya na umati wa watu huonekana hapo. Kanuni za kutenga bila watu hao huturudisha kwenye sheria ya msafara. Na upendo usio na kanuni huzidisha makaburi. Tuseme hilo bila kuficha, maana wako waumini wadhanio kwamba kunawa mikono ni upungufu wa imani.

Ndui imekwisha duniani. Shirika la Afya la Dunia lilitangaza hivyo mwaka 1980. Wakimbizi wa mwaka 1972 na watoto wao, watu 162,000 na zaidi katika makazi yale matatu, walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania mwaka 2010. Kwanza ilikusudiwa wahamishwe na kutawanywa katika mikoa mingine, kisha wakaruhusiwa kubaki, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Waliozaliwa Ulyankulu wakapata kuiita kwao bila kuogopa amri nyingine ya kuhama.

Malale haijaisha. Kati ya mwaka 2006 na 2009 wagonjwa wa upande wetu walitibiwa katika kituo cha afya cha Kaliua, ambako, pamoja na hospitali ya Lwala katika Uganda, ilijaribiwa njia ya kufupisha matibabu mpaka siku 10. Dawa yenyewe, iliyotengenezwa kwa zarniki, ilikuwa kali hata ikawaua baadhi ya wale iliokusudiwa kuwaponya. Mwaka 2024 Shirika la Afya la Dunia lilitoa mwongozo wa kutumia vidonge vya feksinidazoli kwa malale hii ya mashariki, dawa imezwayo kwa maji. Lakini mgonjwa hana budi kutambuliwa kwanza, na homa ya malale yafanana na ya malaria. Kwa hiyo twawaomba walimu na wazee wa vigango vilivyo karibu na pori: mtu akirudi kutoka kwenye mizinga, akapata homa isiyosikia dawa za malaria, akaanza kusinzia mchana, msimwache alale. Mpelekeni akapimwe damu, na mmoja wenu akae naye huko.