Jiji lililokuwa na bendi yake

Mwaka 1983 Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, lile lililojulikana zaidi kwa herufi zake tatu, DDC, lilijipatia mali ambayo leo mhasibu wa halmashauri angekuna kichwa asijue aiandike wapi: bendi ya muziki wa dansi. Bendi yenyewe ilikuwa Mlimani Park Orchestra, Sikinde ngoma ya ukae, iliyoundwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi ya TTTS. Ilikuwa imewakusanya akina Muhidin Maalim Gurumo, Hassan Rehani Bitchuka, Cosmas Chidumule na Michael Enoch. DDC lilikuwa shirika la jiji, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuendesha kumbi na baa: Kariakoo, Keko, Magomeni Kondoa, na hiyo Mlimani Park yenyewe. Kwa hiyo jiji lilikuwa na ukumbi, likawa na bia, na sasa likawa na watu wa kuujaza ukumbi ili bia inywewe.

Siku hizi semina hazipiti bila kutajwa "uchumi wa ubunifu", tena kwa sauti ya mtu aliyegundua kisima jana. Dar es Salaam ilikuwa na uchumi huo kwa zaidi ya miaka thelathini, wenye ajira, mishahara, sare, uhamisho wa wachezaji kama wa Simba na Yanga, na ugomvi wa fedha wa kila aina. Ukiufuatilia unaona vizuri sanaa ililiingizia jiji nini. Unaona pia fedha ilivujia wapi, na hapo ndipo penye kisa.

Mwanzo wake haukuwa wa biashara. Beni ya enzi za ukoloni, na ushindani wake wa Marini na Arinoti, ilikuwa ngoma ya kutumia fedha zaidi kuliko ya kuzitafuta; watu walichangishana ili kuwatambia wenzao. Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanza mwaka 1932, na hata Kilwa Jazz na Western Jazz zilizoibuka mwishoni mwa miaka ya 1950, zilirithi tabia hiyo ya chama. Mwanamuziki mchana alikuwa karani, fundi au kuli, na usiku akapanda jukwaani Arnautoglo au Amana. Hakuna aliyetegemea gitaa kumlipia kodi ya nyumba.

Mabadiliko yaliletwa na chama cha wafanyakazi. Mwaka 1964 NUTA ilianzisha bendi yake, NUTA Jazz, na wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Jambo hilo linaonekana dogo leo, lakini lilibadili hesabu yote. Mtu mwenye mshahara anafanya mazoezi asubuhi, anatunga mchana na kupiga usiku. Wengine wakaiga. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz chini ya Juma Mrisho, Ngulimba wa Ngulimba. Umoja wa vijana wa TANU ukawa na Vijana Jazz. Polisi, jeshi na JKT nao hawakubaki nyuma.

Wapo wanaodhani serikali na mashirika yake yalifanya hivyo kwa mapenzi ya muziki tu, au kwa ajili ya propaganda. Propaganda ilikuwepo, hakuna ubishi, na nyimbo za kusifu zilikuwa sehemu ya kazi. Ila sababu kubwa zaidi ilikuwa vyombo. Gitaa la umeme, amplifaya, saksafoni na ngozi za dramu vilitoka nje, na vya nje vilihitaji fedha za kigeni. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 fedha hizo zilipita mikononi mwa dola, na baada ya vita vya Kagera hazikuonekana kabisa. Fundi wa solo angeweza kuwa hodari kuliko wote mjini, lakini bila mwenye vyombo alikuwa mtazamaji. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi.

Kilichofuata ni soko la mjini la hali ya juu. Bendi ilikuwa na ratiba ya wiki: Jumamosi ukumbi wa nyumbani, siku nyingine kumbi za mitaa mingine, na Jumapili mchana bugi kwa vijana ambao wazazi wasingewaruhusu kukesha. Mlangoni kulikuwa na kiingilio, ndani kulikuwa na mauzo ya bia, na nje kulikuwa na jiji zima linalojitafutia: muuza mishikaki, muuza sigara, dereva wa teksi anayesubiri saa nane za usiku, fundi cherehani aliyeshona suruali bwaga za safari hiyo. Wapenzi wa bendi walipanda jukwaani kumtunza mwimbaji noti mbele za watu. Hakuna aliyeyaita haya mnyororo wa thamani. Yaliitwa wikiendi.

Mitindo nayo ilikuwa nembo za biashara, ingawa haikusajiliwa kokote. Western Jazz walikuwa na saboso, NUTA wana msondo, Mlimani sikinde, Marijani Rajab na Dar International super bomboka, Maquis kamanyola bila jasho. Mtu hakwenda kusikiliza muziki hivi hivi. Alikwenda Msondo au Sikinde, na asubuhi kazini akabishana kwa niaba ya upande wake. Ushindani huo ulilazimisha tungo mpya kila mara, kwa kuwa bendi iliyopiga nyimbo zilezile ilikimbiwa.

Na ulipandisha bei ya watu. Gurumo na Bitchuka wenyewe walitoka bendi ya chama cha wafanyakazi, iliyokuwa JUWATA wakati huo, kwenda Mlimani. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akawachukua wote wawili, pamoja na mpiga gitaa Abel Balthazar, akaunda nao International Orchestra Safari Sound, wana Ndekule. Yaani mtu binafsi alilipiku shirika la umma katika kugombea vipaji, huku nchi ikiwa bado ya Kijamaa kwenye karatasi. Orchestra Maquis, waliotoka Congo, wakaenda mbali zaidi: wanamuziki wenyewe wakawa na kampuni, OMACO, na maskani yao White House, Ubungo, ikawa mahali pa kuelekezana njia.

Sasa kwenye uvujaji. Muziki wa ukumbini unalipwa mara moja, usiku uleule. Fedha ya kudumu ilikuwa kwenye santuri, na Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri kinachofanya kazi. Santuri zilichapwa Nairobi, zikauzwa River Road, na kampuni za Nairobi zikazichuma. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, hata njia hiyo ikawa ya kuvizia. Baadhi ya wanamuziki wakaifuata fedha ilipo. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walihamishia Simba Wanyika Nairobi katika miaka hiyo ya 1970, na humo zikachipuka bendi za Wanyika zilizoujaza mji ule Kiswahili cha Kitanzania. Nairobi ilipata studio, maduka, ajira na kodi. Tanzania ikapata sifa.

Waliobaki walirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam. Tunaishukuru RTD, kwani bila kanda zake tusingekuwa na cha kukumbuka. Lakini kwa mwanamuziki wimbo uliopigwa redioni mara elfu ulikuwa tangazo la dansi la Jumamosi, basi. Kilicholipa kilikuwa mlango. Miaka ya 1990 rekodi za Mlimani zilizofanyiwa RTD zilitolewa kwenye CD Ulaya na Marekani, wakati mjini Dar kanda za kunakili zikiuzwa kama karanga.

Ndiyo maana anguko lilikuja ghafla. Mageuzi ya uchumi yaliyakaba mashirika ya umma, na shirika linalopunguza wafanyakazi huanza na wapiga tarumbeta. Disko halikuhitaji watu kumi na watano wa kulipwa. Radio One ilipoanza mwaka 1994, na stesheni nyingine zilipofuata, vijana wakapata muziki uliotengenezwa kwa kompyuta chumbani. Marijani Rajab, Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995 akiwa anajikimu kwa kibanda cha kuuza kanda. Sheria mpya ya hakimiliki, iliyozaa COSOTA, ilipitishwa mwaka 1999. Miaka minne.

Si kwamba muziki ulikufa. African Stars, wana Twanga Pepeta, chini ya kampuni ya Asha Baraka, walirudisha foleni milangoni. Bongo Fleva imejenga utajiri ambao Gurumo hakuuota, na hasa kwa wale waliojimilikia studio, lebo na vyombo vya habari. Hilo halishangazi ukishasoma habari ya vyombo na santuri. Na ushahidi kwamba wanamuziki hujenga mji uko kwenye daladala: konda akiita "Sinza kwa Remmy", anamtaja Remmy Ongala wa Super Matimila, ambaye nyumba yake iligeuka kituo.

Jiji nalo lilijiondoa. Siku hizi mara nyingi mamlaka hukutana na muziki kwenye leseni, kodi na malalamiko ya kelele. Nadhani hapo tulirudi nyuma. DDC halikuwa kamilifu: liliwapoteza nyota wake kwa mwenye fungu nono, na halikuwahi kufikiria kumiliki nyimbo zilizotungwa chini ya paa lake. Lakini lilielewa kwamba ukumbi ni miundombinu sawa na soko au stendi. Kabla halmashauri zetu hazijamlipa mshauri mwingine aziandikie mkakati wa sanaa, zifungue kwanza mafaili ya DDC, kisha ziwatafute wanamuziki wazee wa Msondo na Sikinde wangali hai, ziwaulize fedha ya mlangoni iligawanywaje.