Zilipendwa na Waliozisikiliza

Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa Januari 1979, Tanzania ikiwa vitani na Idi Amin. Mwulize mtu aliyekuwa kijana mwaka ule, awe wa Morogoro, Tabora au Kisumu, habari ile ilimkuta wapi. Wengi watakujibu papo hapo: dukani, bwenini, shambani, stendi ya basi. Kisha wataendelea na mambo ambayo hukuwauliza: nani alikuwa amekwenda mstari wa mbele, nani alikuwa ameposwa, kitu gani kilikuwa hakipatikani madukani, na ni wimbo gani wa Mbaraka uliokuwa hauishi kupigwa nyumbani kwao.

Historia ya muziki wetu imeandikwa zaidi kwa majina ya bendi, watunzi na wapiga gitaa. Wasikilizaji wanatajwa kwa mbali, kama umati uliojaza ukumbi. Naona hilo ni pengo kubwa. Wimbo wa dansi au taarab ulitungwa na mtu mmoja, ukapigwa na watu kumi, lakini walioufanya uishi hadi leo ni wale walioupokea na kuufungamanisha na maisha yao.

Jambo hili lina mizizi ya zamani. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwanamke mzaliwa wa Fumba, Unguja, alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Gramafoni zilikuwa chache, kwa hiyo watu walikusanyika palipokuwa na moja, hasa mikahawani, wakasikiliza pamoja. Na walichokisikia hakikuwa kigeni kwao. Siti aliimba visa vya mjini mwao: wezi, mahakimu, wanaume waliodhulumu wanawake. Alimwimba Kijiti, muuaji aliyetoroka huku waliokwenda kutoa habari wakiishia kutiwa hatiani. Mkazi wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, aliyesikiliza santuri ile alikuwa akisikia jambo la mtaani kwake, na huenda akawajua waliotajwa. Tangu siku ya kwanza kumbukumbu ya msikilizaji na wimbo vilikuwa kitu kimoja.

Taarab ilimpa msikilizaji pia njia ya kusema hadharani kwamba wimbo unamhusu. Nazungumzia kutunza. Mwimbaji yuko jukwaani, ubeti unafika mahali fulani, na mwanamke anainuka kitini na noti mkononi. Anakwenda polepole, kwa madaha, hadi mbele, anamtunza mwimbaji, anarudi. Hakutamka neno. Lakini ukumbi mzima umeona ameinuka kwenye ubeti upi na jicho lake limetupwa upande gani, na walio karibu naye wanajua habari za ndoa yake au za jirani yake. Sijaona sanaa nyingine inayompa msikilizaji nafasi kubwa namna hiyo ya kusimulia maisha yake kwa kupitia maneno ya mtu mwingine.

Bara mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Bendi za dansi zilianza mapema, Dar es Salaam Jazz ikiwa imeundwa miaka ya 1930, na santuri za Kuba zikawatia hamu vijana wa miji mingi. Ndiyo maana Morogoro ikapata Cuban Marimba ya Salum Abdullah. Lakini chombo kilichozipeleka nyimbo hizo hadi vijijini kilikuwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951. Mwaka 1956 ikageuzwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambayo studio zake za Barabara ya Pugu ndizo zilizorekodi karibu kila bendi iliyokuwa na jina: Morogoro Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz, Urafiki Jazz, na baadaye Mlimani Park.

Hapa kuna jambo moja ambalo mara nyingi linasahaulika. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Viwanda hivyo vilikuwa Nairobi. Nyimbo nyingi zilizorekodiwa RTD zilibaki kwenye kanda za redio tu, wala mtu hakuweza kwenda dukani kuzinunua. Ukiupenda wimbo, ulisubiri upigwe. Na ulipopigwa, uliusikia saa ile ile na jirani yako, na ndugu yako aliyehamishiwa Mwanza, na mchumba aliyeko chuoni Tabora. Kumbukumbu ya mmoja ikawa na uzi unaoifunga kwenye kumbukumbu za maelfu.

Uzi huo ulikazwa na salamu.

Waliokulia zama hizo, Tanzania na Kenya, wanazikumbuka kadi za salamu. Ulinunua kadi, ukaandika jina lako na mahali ulipo, ukafuatisha orodha ya unaowasalimu, kisha ujumbe, mara nyingi methali au msemo wa kukata na shoka, na mwisho wimbo unaoomba upigwe. Ukaituma kwa posta. Baada ya hapo ni kusubiri, pengine wiki, pengine miezi. Betri zilizochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya kusukuma kipindi kimoja zaidi. Siku kadi yako iliposomwa, jina la kijiji chako lilitamkwa na mtangazaji ambaye hajawahi kufika huko, likasikika nchi nzima, na punde gitaa likaingia. Wimbo ule haukuwa tena wa mwimbaji Marijani Rajabu peke yake. Ulikuwa wako, na wa kila uliyemtaja.

Wapo waliolifanya jambo hili kuwa sehemu kubwa ya maisha yao. Walijipa majina ya hewani, wakajulikana kwa majina hayo kuliko ya ubatizo, wakaunda vyama vya wasalimu, wakatembeleana, wakachangiana harusi na misiba. Watu waliofahamiana kwa kusikia tu majina yao yakisomwa kabla ya wimbo walikuja kuzikana. Idhaa za Kiswahili za ng'ambo nazo, BBC ya London iliyoanza mwaka 1957 na Deutsche Welle ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1963, zilipokea salamu kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki na Kati.

Kumbukumbu hizi zina tabia moja ambayo watu hawaitarajii: mara nyingi hazina uhusiano wowote na maneno ya wimbo. Shangazi yangu huacha anachokifanya kila wimbo "Mwanameka" wa Marijani unaposikika. Ukimwuliza, hazungumzii kabisa kisa kilichoimbwa. Anamzungumzia kaka yake mkubwa aliyekuwa akileta betri mpya kila mwisho wa mwezi, na namna walivyokatazwa kuigusa redio mpaka yeye arudi. Wimbo wa huzuni umebeba furaha ya nyumba nzima. Mtafiti Petr Janata wa Marekani alionyesha mwaka 2009 kwamba sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso huchangamka mtu anaposikia muziki unaomkumbusha maisha yake mwenyewe. Wanasaikolojia nao wanasema kumbukumbu zinazong'ang'ania zaidi ni za ujana. Ndiyo maana ubishi wa mashabiki wa bendi za Msondo (NUTA Jazz ya zamani) na Sikinde (Mlimani Park) hauishi: kila upande unatetea miaka yake ya ishirini.

Mipaka haikuzizuia nyimbo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa kwa miaka kadhaa. Katika kipindi hicho hicho, ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, vijana wa Tanga, walikuwa Nairobi na bendi yao ya Simba Wanyika, na waliotoka humo wakaunda Les Wanyika na kutoa "Sina Makosa". Magari yalikwama Namanga na Horohoro. Mawimbi ya redio yalipita. Mkenya wa Nakuru na Mtanzania wa Moshi waliocheza wimbo ule kwenye harusi zao hawakuweza kutembeleana kwa urahisi, lakini leo wakikutana wataanzia hapo.

Nyimbo nyingine zilibeba tarehe za taifa. Desemba 25, 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, aliuawa Isimani, na Morogoro Jazz ikamwimba. Kwa familia nyingi wimbo huo ni alama ya miaka: mtoto huyu alizaliwa kabla ya Kleruu, yule baada yake.

Katikati ya miaka ya 1990 redio za binafsi zikafunguliwa, muziki ukaongezeka, na nyimbo za zamani zikatengewa saa yake, zilipendwa kwa Watanzania, zilizopendwa kwa Wakenya. Kanda za RTD ziko mikononi mwa TBC, na juhudi za kuziokoa zinastahili kila senti. Ila kanda zinahifadhi wimbo tu. Kadi ya salamu ikishasomwa ilikuwa imemaliza kazi yake, na orodha zile za majina, jumbe na vijiji ziliishia hewani.

Ndiyo maana huwa naumia nikisikiliza baadhi ya vipindi vya zilipendwa vya siku hizi. Mzee anapiga simu, anaomba wimbo, anaanza kueleza alikuwa na nani ulipotoka, na mtangazaji anamkatiza ili wimbo uanze. Wimbo upo kwenye kompyuta, utapigwa tena kesho na keshokutwa. Aliyekuwa na miaka 20 Mbaraka alipofariki sasa amepita 65. Apewe dakika zake tatu, na zirekodiwe, kwa sababu majina anayotaka kuyataja, ya mchezaji aliyeshinda shindano la rumba pale ukumbini, ya mwenye redio pekee kijijini, ya msichana aliyemwombea wimbo na hakuwahi kumjibu, hayamo kwenye kitabu chochote cha muziki wetu.