Ziba na zibua

Kitenzi zibua hutokana na ziba. Irabu u iliyopachikwa hugeuza tendo: funga huwa fungua, kunja huwa kunjua, tega huwa tegua. Mzizi ukiwa na o, irabu hiyo hufuata mkondo, kama choma na chomoa. Msemaji wa Kakamega haoni ugeni hapa, kwani Kiluhya nacho kina khwikala, kufunga, na khwikula, kufungua. Ni urithi mmoja wa Kibantu, na uzuri wake ni wa ajabu: irabu moja hutengua kazi yote ya kitenzi.

Zibua si toboa. Anayetoboa hufanya tundu jipya. Anayezibua huirudisha njia iliyokuwapo. Choo cha boti kilichoziba huonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko cha nyumbani. Bomba lake mara nyingi lina kipenyo cha milimita 38 tu, ilhali la nyumbani hufika 100. Baharini, mkojo ukikutana na maji ya chumvi huacha ukoko mgumu unaolifinya bomba hilo mwaka hadi mwaka. Asidi hafifu huuyeyusha ukoko. Waya mkali ukisukumwa kwa nguvu huweza kutoboa badala ya kuzibua.

Mzizi wa ziba umezaa pia kizibo, cha kufunika chupa, na kizibuo, cha kuifungulia. Kauli ya kitenzi nayo ina maana yake: “Choo kimeziba” haimtaji mtendaji. “Kimezibwa” humshuku mtu.