Sanduku Moja la Posta, Kijiji Kizima

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na anwani yetu ilikuwa ya shule: S.L.P. moja, iliyokuwa mjini, mbali na kijiji tulichoishi. Sanduku lile halikuwa letu peke yetu. Walilitumia walimu wote, wanafunzi, mwenye duka, hata bibi mmoja ambaye mwanawe alikuwa machimboni. Mwalimu wa zamu akirudi kutoka posta, tulisimama mstarini akatusomea majina. Kwa watu wa posta, barua zote zilikuwa za shule tu. Yeye ndiye aliyejua ipi ni ya nani.

Nimelikumbuka sanduku hilo kwa sababu ya intaneti. Baba alipofariki alituachia barua zaidi ya mia mbili. Nilizipiga picha zote, nikaziweka kwenye kompyuta ndogo hapa sebuleni, nikataka dada yangu aliyeko Ujerumani aingie moja kwa moja azisome. Sikutaka kuzipeleka kwenye kampuni yoyote. Ni barua za familia, zina habari za mahari na madeni. Nikahangaika wiki nzima. Kutoka kwangu kwenda nje, njia ipo. Kutoka kwa dada kuja kwangu, hakuna. Nikawapigia wanaoniuzia intaneti. Kijana wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole: "Kaka, hiyo anwani si yako peke yako, mnashea na wateja wengine."

Yaani miaka yote hii bado nipo kwenye sanduku la shule!

Hebu turudi nyuma kidogo. Kila kifaa kinachozungumza kwenye intaneti kinahitaji anwani ya namba. Anwani tulizozizoea, za toleo la nne, zilichapishwa rasmi mwaka 1981, zikiwa na urefu wa biti 32. Hesabu yake ni anwani kama bilioni 4.3, pungufu hata ya idadi ya watu waliokuwepo duniani mwaka huo. Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa mfumo huo, amesema mara nyingi kwamba walipochagua kipimo hicho miaka ya sabini waliona wanafanya jaribio tu. Tatizo ni kwamba jaribio halikuisha. Tunaishi ndani yake.

Miaka ya tisini wataalamu walishaona shimo mbele, wakaja na dawa mbili. Ya kwanza ilitoka Mei 1994: nyumba nzima, au ofisi nzima, itumie anwani moja ya nje, na kifaa kilichopo mlangoni kikumbuke ni nani ndani aliyeomba nini. Huyo ndiye mwalimu wa zamu. Waliyoiandika waliiita suluhisho la muda mfupi. Ya pili ilitoka Desemba 1995, kazi ya Steve Deering na Bob Hinden: anwani mpya za toleo la sita, biti 128. Idadi yake ni 340 ikifuatiwa na sufuri 36. Kila nyumba ingepata anwani zake, na kila balbu ndani ya nyumba pia.

Dawa ya muda ndiyo iliyoshinda. Sababu ni kwamba toleo jipya halielewani moja kwa moja na la zamani. Mwenye anwani mpya peke yake hawezi kuongea na mwenye ya zamani bila mkalimani katikati. Sasa nani atangulie? Wenye tovuti walisema wateja hawana anwani mpya; wauza intaneti walisema tovuti hazina. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET uliweza kuhamia mfumo mpya kwa amri, maana kompyuta zilikuwa mamia machache. Ukishafika mabilioni, amri hiyo huna wa kumpa.

Tarehe 3 Februari 2011, huko Miami, mafungu matano ya mwisho ya anwani za zamani yaligawiwa kwa mashirika matano ya kanda za dunia. Mwaka huohuo Microsoft ilinunua anwani 666,624 za Nortel, kampuni iliyofilisika, kwa dola milioni 7.5. Namba zilizogawiwa bure zikawa mali ya mnada. Tarehe 6 Juni 2012 Google, Facebook na wenzao wakawasha toleo la sita moja kwa moja.

Na mteja je? Mteja hakuulizwa. Hilo ndilo linalonivutia katika historia hii. Nchini India, Jio ilianza kuuza huduma Septemba 2016, wakati anwani za zamani kwenye kanda yake zilikuwa adimu, ikajenga mtandao wake juu ya toleo la sita. Ndani ya miezi kama sita ikapata wateja milioni 100. Walifuata bando rahisi. Anwani mpya ilikuja nayo kimyakimya. Dada yangu naye nilimwambia aangalie. Akanisomea mstari mrefu wa namba, herufi na nukta pacha, kisha akauliza, "Hii ndiyo nini? Nimekatwa hela?"

Kanda ya Afrika, inayohudumiwa na AFRINIC kutoka Mauritius, ilikuwa ya mwisho kati ya tano kufikia akiba yake ya mwisho ya anwani za zamani, mwaka 2017. Ukiwa na akiba huoni njaa. Na hata akiba ilipopungua, kushea kuliendelea kufanya kazi: video inacheza, ujumbe unafika, nani alalamike?

Ila kushea kuna gharama yake. Jirani nisiyemjua akifanya uhuni, tovuti inaweza kuifungia anwani yetu sote. Kubwa zaidi, kwenye sanduku la pamoja naweza kuomba na kujibiwa, lakini siwezi kutafutwa. Ninachotaka kusomwa lazima nikaweke kwa mwenye anwani, kwa masharti yake. Kwa sisi tunaoandika, hilo si dogo. Toleo la sita halitoi milango wazi. Ruta bado inafunga. Tofauti ni kwamba ufunguo unaweza kuwa wangu.

Mwishowe nilizitia barua kwenye flashi nikampa binamu aliyekuwa anasafiri. Juu ya bahasha niliandika jina la dada, na chini yake kama baba alivyokuwa akiandika: Kwa mkono wa. Zimefika. Dada ameshasoma hadi zile za mwaka 1979.